Maji Nachemsha Mimi

Tarehe 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na wifi yangu amefika saa nne. Vyote viwili vilisubiriwa na nyumba nzima, ila mvua haikwenda kupokewa barabarani. Mama mkwe, ambaye magoti yake hayamruhusu kwenda hata uani kuanua nguo, leo ametembea mwenyewe hadi barabarani kumlaki bintiye. Mume wangu amebeba masanduku mawili kwa mkono mmoja, wa pili kamshika dada yake begani. "Daktari wetu huyu," akasema, kwa sauti ya kutosha jirani asikie. Udaktari wenyewe si wa sindano, ni wa utafiti wa seli, lakini hilo jirani hakuambiwa.

Pacha wangu wamehamishiwa sebuleni ili shangazi yao apate chumba. Wanafurahi, wanadhani ni mchezo.

Naandika haya kwa sababu kesho wifi anaanza kazi maabara kwetu. Mimi nina miaka kumi na moja pale, na kuanzia kesho yeye ndiye atakayenituma. Nimeona niandike mahali, nisije nikasema mahali.

Tarehe 4 Machi

Profesa, mkuu wetu, amemtambulisha kwa watu wote. "Huyu ndiye kiongozi wa mradi wa mawimbi. Mama Pacha, mwonyeshe kila kitu."

Nimwonyeshe. Mimi ndiye niliyemketisha kwenye kiti hicho hicho anachokalia sasa, akiwa msichana wa sekondari anayeishi kwangu, nikamshika kichwa, nikamwambia funga jicho moja, haya, angalia. Hakuwa amewahi kuona hadubini. Mwaka ule na mimi nilikuwa na barua ya kwenda kusoma, nikajikuta na mimba ya pacha, barua ikaisha muda wake kabatini. Simlaumu mtu. Naandika tu.

Nieleze mradi wenyewe, maana mume wangu anawaambia watu kwamba dada yake anatibu saratani kwa redio. Mashine ni ndugu ya ile wanayoangalizia mimba, inayotoa sauti ambayo hakuna sikio linaloisikia, ila nguvu yake imeshushwa sana. Kichwa cha mashine kinakaa chini ya beseni la maji, sahani yenye seli inawekwa juu ya maji hayo, na mawimbi yanapanda kwa dakika ishirini. Hakuna kuchoma, hakuna kukata. Wazo ni kwamba seli ya kawaida ukiitikisa hujishika, lakini ya saratani imesahau kupapasa pale iliposimama, na mtikisiko huo unaivuruga mpaka inajimaliza yenyewe. Kesho yake tunatia rangi ya bluu. Seli iliyokufa inaishika rangi, iliyo hai inaikataa. Mimi nalisha seli, naandaa sahani, natia maji kwenye beseni. Wifi anahesabu.

Tarehe 22 Aprili jopo la wataalamu litakuja kuamua kama mradi uendelee au ufungwe. Ukifungwa, wifi hana kazi hapa, atarudi huko alikotoka. Nitakuwa mwongo nikisema sina ninalolipendelea.

Tarehe 7 Machi

Seli zote zimetoka salama, za saratani na za kawaida. Wifi anasema, "Tutajaribu tena," kwa uchangamfu unaochosha.

Tarehe 11 Machi

Salama tena. Mvua haikatiki. Mama mkwe amemwekea bintiye paja la kuku, mimi na mume wangu tumegawana mgongo.

Tarehe 12 Machi

Leo nimeona kitu.

Tangu mvua zianze, maji ya bomba yanakatika na kurudi, na yakirudi yanatoka meupe kwa hewa. Nilipoinua sahani kutoka kwenye beseni nikaona chini yake viputo vidogo vimeganda, kama vile vya kwenye glasi iliyosahaulika mezani. Fundi wa mashine aliwahi kunieleza miaka ya nyuma: sauti hii inapita kwenye maji bila shida, ikikutana na hewa inagonga na kurudi ilikotoka. Basi tumekuwa tukizitikisa sahani kwa mdomo tu. Mawimbi yanaishia kwenye viputo.

Nikachukua birika la chumba cha chai, nikachemsha maji mpaka hewa ikatoka yote, nikafunika, nikayaacha yapoe mpaka joto la mwili. Nikamimina taratibu kwa pembeni yasichukue hewa nyingine. Wifi alikuwa kwenye mashine ananionyesha mgongo. Hakuna aliyeniuliza kwa nini chai ya watu imechelewa.

Maji: nimechemsha.

Tarehe 13 Machi

Nusu ya seli za saratani zimekuwa bluu. Za kawaida zimetulia zilivyo. Wifi ameangalia mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena, kisha akanikumbatia na glavu zake.

"Wifi, ni mtetemo," akaniambia. "Jana nilibadilisha kasi ya mtetemo. Nilijua tu."

Kumbe asubuhi ile ile mimi nikiwa na birika, yeye alikuwa amezungusha kitufe. Nikafungua mdomo niseme habari ya maji. Profesa akaingia, akapita mbele yangu, akainama kwenye hadubini, akampa wifi mkono. Mgongo wa Profesa ni mpana. Nilibaki nautazama na birika langu mkononi, nikaufunga mdomo.

Nikajiambia, ataniuliza. Mtafiti yeyote akipata jambo jipya humuuliza fundi wake, "Umebadilisha chochote?" Ni swali la kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha swali hilo, akiwa hajajua hata kushika mrija wa pipeti. Ngoja nisubiri.

Maji: nimechemsha.

Tarehe 14 Machi

Maji: nimechemsha. Seli zimekufa vizuri. Hajauliza.

Tarehe 17 Machi

Maji: nimechemsha. Hajauliza. Viatu vyangu vya kazini vimeota ukungu.

Tarehe 18 Machi

Maji: nimechemsha.

Tarehe 19 Machi

Nyumbani siku hizi habari ni moja. Mume wangu akirudi anaweka mkoba na kuuliza, "Leo zimekufa ngapi?" Hajawahi kuniuliza mimi swali lolote kuhusu seli, na nimekuwa nikizifuga kabla pacha hawajaota meno. Leo amelitamka neno "hadubini" mara nne mezani. Miaka yote hiyo alikuwa anaiita "kile kidude chenu."

Wifi akicheka anarudisha kichwa nyuma na kuonyesha meno yote, na kicheko kinaanza kabla ya hadithi kuisha, kama mtu aliyelipia kiti cha mbele. Wanawe ni hao pacha wangu, wanamganda kutwa nzima. Binti ameniambia akikua atakuwa kama shangazi. Nikamuuliza, kwani mimi nafanya kazi wapi? Akasema, "Wewe unaosha sahani."

Nimecheka. Kisha nikaenda chooni nikakaa kidogo.

Maji: nimechemsha.

Tarehe 20, 21, 24 Machi

Maji: nimechemsha, nimechemsha, nimechemsha.

Tarehe 25 Machi

Maji: nimechemsha. Hajauliza. Profesa anamwita "nyota yetu."

Tarehe 26, 27 Machi

Maji: nimechemsha, nimechemsha.

Tarehe 28 Machi

Haki yake nimpe. Leo mvua ilitukuta njiani, akaniachia mwavuli wake mzima akatembea kichwa wazi. Jioni alikusanya vyombo akaviosha kabla sijainuka. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na tabia mbaya. Watu wenye tabia mbaya unawachukia ukiwa umekaa raha zako.

Maji: nimechemsha.

Tarehe 31 Machi

Maji: nimechemsha.

Tarehe 1 Aprili

Asubuhi wifi ameniomba nimchapishie kurasa kumi na mbili, maana mashine ya kuchapa inanisikia mimi peke yangu. Ni makala ya mradi, itapelekwa kwa jopo na baadaye kwenye jarida. Sikukusudia kusoma. Nimesoma.

Juu kuna majina mawili, lake na la Profesa. Ukurasa wa tatu kuna maelezo ya mtetemo, na namna "mtafiti alivyotambua" kiwango kinachofaa. Kuhusu maji imeandikwa: "Beseni lilijazwa maji." Basi. Yalijijaza. Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, baada ya kumshukuru mtunza ghala: "Tunamshukuru pia fundi wa maabara."

Jina langu lina silabi nne. Zingetosha kwenye mstari huo.

Nilimpelekea kurasa zikiwa bado na joto. Akasema, "Asante, wifi, mikono yako dhahabu," akaendelea kuandika. Mikono. Nimekaa na neno hilo kutwa. Nina kijiba cha roho kikubwa hata chakula kimenishinda, na sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe: namwonea wivu. Namwonea wivu kwa kiti chake, kwa koti lake lenye jina kifuani, kwa kaka yake ambaye ni mume wangu, kwa mama yake anayempepea. Namwonea wivu kwa kuwa anafurahi na kitu nilichomfanyia mimi na hajui.

Maji: nimechemsha. Kwa mara ya mwisho.

Tarehe 2 Aprili

Hakuna karatasi iliyoniagiza nichemshe maji. "Beseni lilijazwa maji." Nimelijaza, kutoka kwenye bomba, meupe vile vile. Nimefuata makala yake neno kwa neno.

Maji: sijachemsha.

Tarehe 3 Aprili

Seli zote hai. Wifi amesema, "Leo vipi?" Amezungusha kitufe mbele, akakirudisha nyuma.

Maji: sijachemsha.

Tarehe 4 Aprili

Maji: sijachemsha. Hai zote. Nimekula wali sahani mbili.

Tarehe 7 Aprili

Maji: sijachemsha. Wifi amemwita fundi wa mashine. Fundi amefungua, amepuliza vumbi, amefunga, amesema mashine ni nzima. Beseni hakulitazama, lilikuwa limeshamwagwa. Nimelimwaga mimi.

Tarehe 8 Aprili

Leo ameniuliza, hatimaye. Nilijua kwa namna alivyosimama kwamba anataka kuuliza kitu.

"Wifi, hizi seli zako hazijachoka kweli? Zimekuzwa muda mrefu sana."

Seli zangu. Miaka kumi na moja hakuna sahani yangu iliyoingia ukungu, na hata siku ya kujifungua pacha niliacha maagizo ya namna ya kuzilisha ukutani. Nikamwambia tutoe nyingine kwenye pipa la barafu, tuanze upya. Nikazitoa. Nitazikuza vizuri kuliko zote, kisha nizitie kwenye maji mabichi.

Maji: sijachemsha.

Tarehe 9 Aprili

Maji: sijachemsha.

Tarehe 10 Aprili

Maji: sijachemsha. Seli mpya nazo hai, zimenona. Profesa leo hakusema "nyota." Amesema, "Hebu tuwe waangalifu."

Nilidhani ningefurahi zaidi.

Tarehe 11 Aprili

Maji: sijachemsha.

Tarehe 12 Aprili

Jumamosi. Wifi hali chakula. Amekaa dirishani anatazama mvua, na mama mkwe amehamishia kiti chake hapo karibu, anampapasa mgongo. Mume wangu amenifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama Pacha, msaidie mwenzio. Wewe ndiye mwenye uzoefu pale."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Naona tu. Wewe kitu kikiharibika unakijua kabla ya mtu mwingine."

Miaka kumi na minne ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza anasema hivyo, na amesema kwa ajili yake. Hata huzuni ya mwanamke yule inapewa kiti. Nilimwambia nitaona, nikaendelea kukata vitunguu.

Tarehe 14 Aprili

Maji: sijachemsha. Mkono ulikwenda kwenye birika wenyewe. Nikaurudisha.

Tarehe 15 Aprili

Maji: sijachemsha. Wifi amehesabu sahani zile zile mara tano. Macho yamemvimba. Nimetaka anichukie, anishuku, anifokee. Kila jambo anajitwisha yeye.

Tarehe 16 Aprili

Hii itakuwa ndefu.

Asubuhi nilijaza beseni kama kawaida, sijachemsha, siku ya kumi na moja. Saa tisa mchana nilikuwa chumba cha kuoshea vyombo. Wifi akaingia na karatasi, akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia. Kwa koti lile la heshima.

"Nisikilize kama imekaa sawa," akasema, akasoma. Ilikuwa barua kwa jopo. Kwamba matokeo ya mwezi Machi yameshindikana kurudiwa. Kwamba anaiondoa makala. Kwamba kosa ni lake yeye, alipenda kuona alichotaka kuona, na wenzake wa maabara wasihusishwe. Akashusha karatasi.

"Na wifi, nisamehe kwa lile neno la seli kuchoka. Sijawahi kushika seli nzuri kama zako. Nimeliandika hilo pia, wasije wakakusingizia."

Siku kumi na moja nilikuwa nimeisubiri sura ile ya kushindwa. Nilipoiona nikaona ni ya yule msichana wa sekondari aliyevunja kioo cha hadubini akanijia mbio kusema mwenyewe kabla sijajua.

"Ni maji," nikamwambia.

"Maji gani?"

"Ya beseni. Yana hewa. Viputo vinakaa chini ya sahani, mawimbi hayapiti. Machi nilikuwa nayachemsha. Mwezi huu siyachemshi."

Akanitazama. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Kama nimebadilisha chochote."

Bomba lilikuwa wazi nyuma yangu. Nikalifunga.

"Sikufikiria kukuuliza," akasema.

"Najua."

"Na kwenye makala..." Akafikiri, nikamwona anaupitia ule ukurasa wa mwisho kichwani. "Jina lako. Wala sikulikataa, wifi. Sikulifikiria tu."

Nilikuwa nimemwekea kinyongo mtu aliyekaa akapanga kunidharau. Mtu huyo hakuwepo. Alikuwepo huyu, aliyekuwa na haraka. Ningempata yule mwingine ningejisikia vizuri.

Nilingoja atukane. Badala yake akatoa kalamu. "Siku zipi ulichemsha na zipi hukuchemsha? Nataka tarehe."

"Zipo. Nimeziandika kila siku."

"Kwenye daftari la maabara hakuna."

"Ziko nyumbani. Kwenye daftari langu."

"Lilete."

"Nitakunakilia."

Akatikisa kichwa. "Jopo litaona nakala iliyoandikwa leo, baada ya kuharibikiwa. Nani ataiamini? Wanataka kuona palipoandikwa siku ile ile. Mimi sikujua maji yapi ni yapi nilipohesabu. Unaona maana yake? Sikuweza kujipendelea hata ningetaka. Kama tarehe zako zinalingana na hesabu zangu, mradi umepona. Lakini lazima liwe daftari lenyewe."

Akaenda zake. Hakupiga mlango. Ningependa angeupiga.

Tarehe 17 Aprili, asubuhi

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Paja la kuku limo. Kicheko kimo, choo kimo, ya mama yake na ya kaka yake yote yamo, na mimi na sahani mbili za wali siku alipokuwa anahangaika. Nilifikiri kung'oa kurasa, nibakize zenye tarehe tu. Kila tarehe ina tusi lake mgongoni. Ukiing'oa moja umeing'oa nyingine.

Wifi, ukifika hapa ujue mistari hii ndiyo pekee niliyoiandika nikijua utaisoma, kwa hiyo usiiamini sana. Iliyotangulia ndiyo ya kweli. Sijang'oa kitu.

Maji: nimechemsha.

Tarehe 23 Aprili

Daftari limenirudia jana baada ya jopo. Alikaa nalo siku tano. Siku tano hizo tumekula meza moja, tumepanda ngazi za maabara pamoja, akiniita "wifi" vile vile, na mimi sikujua amefika ukurasa gani. Mama mkwe aliuliza kwa nini mwanawe hacheki siku hizi.

Sahani za tarehe 17 na 18 zilikuwa bluu nusu nzima, kama za Machi. Hiyo ilikuwa furaha, lakini tuliitazama kila mtu na upande wake wa meza.

Jopo walikuwa watatu. Wifi alisimama, akatundika karatasi kubwa. Upande mmoja siku za maji yaliyochemshwa, upande wa pili siku kumi na moja za maji mabichi. Hata mlinzi angeelewa. Pale maji yalipochemshwa seli za saratani zilikufa, pale yasipochemshwa zilinawiri, mtetemo ule ule, mikono ile ile. Akasema, "Tarehe 12 Machi mimi nilidhani ni mtetemo. Nilikosea. Maji yalibadilishwa na fundi wa maabara, mimi sikuarifiwa, na sikuuliza. Kumbukumbu za maji ni hizi." Akaweka daftari langu mezani, akiwa amebandika vikaratasi kwenye kurasa. Vikaratasi vilifunika maneno yote. Vilikuwa vimekatwa kwa mkasi, dirisha dogo dogo, unaona tarehe na mstari wa maji, basi. Kurasa zote alizikatia hivyo.

Mama mmoja wa jopo, mwenye mvi na miwani ya kamba, akapekua. "Hizi siku za katikati, kwa nini maji hayakuchemshwa? Lilikuwa jaribio?"

Hapo palikuwa na mlango. Wifi angeweza kusema ndiyo, ni jaribio. Profesa alikuwa tayari ameanza kuitikia kwa kichwa. Mimi ningetoka pale na jina la mtu mwerevu. Wifi akasema, "Mwenyewe yupo. Muulizeni."

Watu wakageuka. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati la joto, mahali pangu. Nikasema, "Haikuwa jaribio. Ilikuwa wivu."

Yule mama akanitazama juu ya miwani. "Na yeye hakujua?"

"Hakujua."

"Hata kidogo?"

"Alizishuku seli, hakunishuku mimi."

Akaandika kitu. "Basi hesabu zake ni safi," akawaambia wenzake. "Kumficha anayehesabu namna hii watu hulipia pesa nyingi, hapa wivu umefanya bure. Msiuzoee."

Mmoja akacheka, wifi hakucheka. Mradi umepewa msimu mwingine. Makala itaandikwa upya. Profesa amenipa barua ya onyo saa nane na nusu, na saa tisa akaniomba silabi za jina langu, zinavyoandikwa sawasawa, liwekwe la tatu. Nimezitaja zote nne.

Jioni wifi alinipa daftari mkononi, uani, nguo zikiwa zimeanikwa katikati yetu. Vikaratasi alishavitoa.

"Umesoma yote?" nikamuuliza.

"Nimesoma yote."

Nikasogeza shati lililoning'inia kati yetu.

"Umeandika vibaya sana, wifi," akasema. "Lakini hakuna siku uliyoiruka."

Tarehe 30 Aprili

Wifi amehamia chumba cha kupanga karibu na maabara. Amemwambia mama yake ni kwa ajili ya mvua, asinyeshewe njiani. Mvua imeshakatika tangu Ijumaa. Mama mkwe amelia, mume wangu amebeba masanduku, na pacha wamerudi chumbani kwao wamenuna. Mume wangu ameniuliza kama tuligombana. Nimemwambia hapana, na ni kweli, hatukugombana hata mara moja.

Nilikuwa na hamu ya nyumba yangu. Nimeipata, na nimekaa ndani yake.

Tarehe 5 Mei

Jua. Maji ya bomba yanatoka maangavu, lakini tunachemsha vile vile, ndivyo makala mpya inavyosema: mstari mzima kuhusu kuchemsha, kufunika, kupoza, kumimina kwa pembeni. Ameuandika kama nilivyomweleza, hakukosea hata neno. Juu kuna majina matatu. Nimelitazama langu muda mrefu. Limekaa vizuri.

Wifi ameingia saa mbili kamili, akatundika mkoba, akavaa koti, akafungua daftari la maabara, akashika kalamu.

"Habari za asubuhi, wifi. Umebadilisha chochote?"

"Sijabadilisha."

"Maji?"

"Nimechemsha."

Akaandika. Ndivyo anavyoniuliza kila siku sasa, kwa adabu, mbele ya watu, swali lile lile nililolingoja msimu mzima. Akalifunga daftari. Kisha akaja mpaka kwenye beseni, akainua sahani kwenye mwanga, akaangalia mwenyewe chini yake kama kuna viputo.